Watoto Wanaoogeshwa Alfajiri

Sikuondoka Makambako kwa kupenda, niliagizwa. Kwenye kituo cha afya ninachokiongoza, vichanga walikuwa wakipoa mwili wodini, na mmoja nusura atufie njiani tukimkimbiza hospitali. Wakubwa wakaniambia niende zahanati moja ya milimani, ng'ambo ya Njombe, ambako baridi ni kali kuliko kwetu lakini watoto hawapoi. Nilinuna. Mimi mwenye shahada na vyeti vya uboreshaji wa huduma, nikajifunze zahanati? Isitoshe, tatizo nilishalitatua: nilimwandikia barua ya uzembe muuguzi wa zamu, Mama Upendo, akahamishwa. Alikopelekwa sikuuliza.

Saa moja asubuhi nilipanda basi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya misonobari, na njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kuwaelekeza wenyeji wangu. Nilijiona mgeni rasmi.

Njombe nilifika mikono imekufa ganzi. Nilikunywa chai ya maziwa karibu na soko, kisha nikatafuta bodaboda.

"Funga koti, mzee, huko juu baridi haina adabu," dereva alisema. "Unaenda kwa yule mama nesi? Mke wangu kajifungulia kwake juzi tu. Anasikiliza watu, yule."

Saa tano tulifika. Aliyetoka mlangoni, akifuta mikono kwa aproni, alikuwa Mama Upendo.

Nilishuka kwenye pikipiki. Kazini nilizoea anisalimie yeye kwanza, ingawa ana umri wa mama yangu. "Shikamoo, mama," nilisema, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza.

"Marahaba, daktari. Kamwene," aliongeza kwa salamu ya huko, "karibu ndani, utaganda hapo."

Hakunitupia hata neno moja la kisasi, na hilo liliniumiza zaidi. Wodini palikuwa na kitanda kimoja chenye mzazi. Kichanga alikuwa kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, kofia ya sufu kichwani, blanketi la nyumbani juu yao. Ukutani palibandikwa karatasi ya daftari yenye saa na joto la kila mtoto, kwa kalamu ya wino.

"Mlijuaje la kufanya?" niliuliza.

"Nilipofika hapa tulipima kila baada ya saa chache, tukaandika. Waliopoa ni wale tuliowaogesha alfajiri. Tukaacha. Sasa mtoto akizaliwa anaoga kesho yake, jua likishatoka."

Nilisoma ile karatasi tena. Kwetu vichanga huogeshwa saa kumi na moja alfajiri, kila siku, kwa amri yangu. Nilipita wodini siku moja tukisubiri wageni, nikamkuta mtoto ana utando mweupe kichwani, nikauliza mbele ya wazazi kama ile ni wodi au zizi. Tangu hapo nikataka kila mtoto ang'ae kabla sijaanza mzunguko wangu. Chuoni nilifundishwa kwamba kichanga haogeshwi mapema. Nilijua, nikasahau, kwa sababu ya kupenda kusifiwa usafi. Nyani haoni kundule.

"Na kule kwetu uliliona hili?"

"Nililiona. Nilikuletea daftari ofisini. Ukaniambia una ugeni, nimwachie karani."

Nilikumbuka. Nilimwomba radhi, nikamwahidi kwamba barua ile itafutwa na atarudishwa Makambako.

"Barua ifute, mwanangu, ina jina langu. Lakini kurudi sirudi. Waogeshaji wako nenda ukawaambie wewe mwenyewe."

Safari ya kurudi sikumbuki hata msonobari mmoja. Nilikaa nimejifunika koti usoni, abiria mwenzangu akadhani ninaumwa.

Kesho yake asubuhi niliwakusanya watumishi wote. Nilisema yote: amri ilikuwa yangu, barua ilikuwa ya uonevu, na nilichojifunza ni kwamba nilitafuta mkosaji kabla ya kutafuta chanzo, wala sikumuuliza hata mmoja wa wanaoshika watoto hao. Nikauliza kama kuna mwenye neno. Mhudumu wa wodi ya wazazi akainua mkono nusu.

"Daktari, sisi tulijua."

"Sasa mbona hamkusema?"

Waliangaliana. Kisha yule mhudumu akajibu kwa upole, kama anayemjibu mgonjwa:

"Aliyesema alihamishwa."