Kidole cha Mtangazaji wa Uwanja

Mtangazaji wetu wa uwanjani hupuliza kipaza sauti mara mbili, kisha hufuta viganja kwenye suruali, hata siku ya baridi. Tangu tajiri mmoja ainunue klabu yetu na kuupa uwanja jina la kampuni yake, analifanyia mazoezi jina hilo kama mtoto anayelazimishwa kumeza dawa. Jana tajiri alikaa chini ya kibanda chetu cha matangazo, shingo kaigeuzia juu. “Karibuni katika uwanja wa…” Kimya. Mashabiki wakamalizia wenyewe, jina la zamani, jukwaa zima. Nilidhani amesahau, hadi nilipoona kidole chake kwenye swichi ya kipaza sauti, ameizima. “Mdogo wangu,” akaninong'oneza, jasho likimtiririka, “wakiuliza, sema waya ulilegea.” Na anayezifunga nyaya hizo ni mimi, fundi wake.