Unga Kwenye Mikono ya Mama

Mama huyu, mwoka mikate, alikuwa haingii kwake kama watu. Akitoka kazini hupitia mlango wa uani, huvua nguo bafuni, hujisugua mpaka kucha, ndipo amkumbatie bintiye. Mumewe alimtania kwamba hata daktari wa upasuaji haoshi mikono hivyo. Yeye hakucheka. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na nyoka wake yeye alikuwa kipande cha mkate.

Binti, waliyemwita Sisimizi kwa kupenda sukari, alikuwa na miaka miwili alipokula kipande hicho. Uso ukavimba, pumzi ikawa ya kutafuta. Alipona, lakini ngano ikapigwa marufuku nyumbani, na mtoto akafundwa kuikimbia. Shuleni akala peke yake, sherehe za wenzake asiende. Sasa alikuwa na miaka saba na mbavu zimemtoka, na mama roho haikutulia, akampeleka hospitali.

Daktari aliposema vipimo vya damu havionyeshi kitu, mama alimkatiza.

“Mimi nilimwona kwa macho yangu, daktari. Karatasi yako haikuwepo.”

“Sikukatalii, mama. Huenda ilikuwa kweli, na mwili umeshaacha kuikataa ngano. Tumjaribu hapahapa, dawa zikiwa karibu.”

Mtoto akapewa uji siku mbili, mmoja una ngano na mwingine hauna, mama asiambiwe upi ni upi. Siku ya kwanza mama aliapa kwamba midomo inavimba, akataka sindano. Siku ya pili Sisimizi alikunywa, akaomba tena, akaenda kucheza. Kumbe ngano ilikuwa kwenye uji wa pili. Macho aliyoyaapia yalikuwa yamemwumbua, lakini furaha ilizidi aibu.

Kesho yake hakupitia uani. Aliingia mlango wa mbele, unga mpaka viwikoni, mikono ameikunjua. Sisimizi akaitazama ile mikono, akarudi nyuma mpaka ukutani, akaanza kujikuna shingo.

“Mama, hujaoga.”

“Umepona, mwanangu. Si ulimsikia daktari?”

“Nilimsikia. Lakini inawasha.”

Na kweli shingo ilikuwa nyekundu, mistari ya kucha imejipanga. Mama alitaka kumwambia kwamba hakuna kitu pale, akakumbuka ni nani aliyemfundisha mtoto kuamini mwili kuliko daktari. Akashusha mikono, akatoka, akazunguka nyumba kwenda kuoga.