Chungu cha Getruda Chapanda Mekoni Ivuna

Ofisi ya kata ya Ivuna inawatangazia wananchi wote kwamba, kuanzia Jumatatu, ubao wa matangazo utahamishwa kutoka ukuta wa kulia kwenda ukuta wa kushoto. Tangazo limebandikwa ukuta wa kulia.

Asubuhi hii ya Julai 2014 hakuna anayelisoma. Watu wako kwenye majiko ya kuchemshia chumvi, ambako msimu unafunguliwa.

Getruda Nanyinza, mwenye miaka sitini na moja, ameketi kando ya jiko lake. Vidole vyake vinavyouma amevizungushia kitambaa chenye chumvi ya mawe iliyokaangwa pamoja na karafuu. Joto linapopungua anakifungua, anajipaka mafuta ya alizeti yaliyochemshwa na tangawizi na pilipili manga, kisha anakunja na kukunjua vidole taratibu, kama anayekagua mali ya mtu mwingine.

“Mama, leo unanukia pilau,” anasema jirani yake, Masumbuko.

“Wali utakula kwako. Hapa ni chumvi,” anajibu bila kugeuka.

Masumbuko ana sababu ya kusogea karibu. Kwa utaratibu wa wachemsha chumvi hawa, mwenye jiko hufungua msimu kwa kupandisha mwenyewe mafigani chungu kilichojaa maji ya chumvi, mbele ya wenzake. Akishindwa misimu miwili mfululizo, jiko huenda kwa anayefuata kwenye foleni. Anayefuata ni Masumbuko. Mwaka jana chungu kilimponyoka Getruda, kikavunjika.

Jiko hilo ndilo lililomlisha tangu alipofiwa na mumewe mwaka 1996. Msimu mzuri humpatia kama shilingi laki nne. Shamba hana.

“Mwaka jana kila asubuhi nilikuwa nashindwa kufunga kanga,” anasema Getruda. “Mkwe wangu alikuwa ananifunga kama mtoto mchanga. Nikasema aibu hii siitaki.”

Sebastian, tabibu wa zahanati, hana shauku kubwa na karafuu. “Tangawizi haijengi upya ungio lililolika,” anasema. “Joto na mazoezi vinaweza kupunguza maumivu. Nimemwambia ajipake, ila asipake palipochubuka, na vidonge nilivyompa asiache.”

Getruda hakuviacha. Aliongeza chai ya tangawizi na manjano kila asubuhi, na kitambaa chake cha moto kila jioni, mwaka mzima.

“Maumivu hayajaondoka,” anasema. “Yamejifunza kuchelewa kuamka.”

Nkwabi, msimamizi wa majiko, anaita jina lake. Getruda anasimama.

“Mama, kama mkono umekataa sema tu. Mimi nipo,” anasema Masumbuko.

“Keti, baba. Chungu hakijakuita.”

Anapiga goti. Hakishiki chungu kwa vidole. Anakikumbatia kwa viganja na mikono yote hadi viwikoni, anakiegemeza kifuani, anainuka. Maji yanacheza hadi ukingoni. Anapiga hatua, anasimama, anapiga nyingine. Chungu kinakaa juu ya mafiga.

Nkwabi anachungulia ndani kuona kama kimejaa. Kimejaa.

“Jiko ni lake,” anatamka.

Vigelegele vinasikika hadi kwenye zizi la ng’ombe la mbali. Masumbuko anasukuma kuni za kwanza chini ya chungu.

“Mama, hiyo pilau yako,” anasema kwa sauti ya chini, “goti langu la kushoto linaiulizia.”

“Kesho njoo. Tangawizi njoo nayo.”

Getruda hadanganyiki na ushindi wake. “Mwaka kesho sijui. Tangawizi haijaniwekea mkataba,” anasema. Anachotaka ni utaratibu ulegezwe, mwenye maungo mabovu aruhusiwe kushikiwa chungu upande mmoja. Nkwabi alisema hawezi kuugusa bila kauli ya kata, hivyo ombi lilipelekwa huko tangu Machi.

Jibu linafika jioni, moto ukiwa bado unawaka chini ya chungu chake. Kamati ya kata, baada ya kulijadili kwa kina, imeamua kwamba ombi la Getruda Nanyinza libandikwe kwenye ubao wa matangazo, pindi ubao huo utakapokamilisha kuhamia ukuta wa kushoto.