Konekta Nyeusi ya Muyinga

Niliondoka Gitega kwa sababu ya simu ya Shangazi Sesiliya. "Mwanangu, ikinyesha tu, redio inakufa. Na mvua inakuja saa ileile ya majina." Redio ndogo ya Muyinga husoma kila jioni majina ya wakimbizi wanaorudi kutoka Tanzania, ili jamaa zao wakawachukue kwenye kituo cha mapokezi. Shangazi anasubiri jina moja: Zakariya, mwanawe aliyebaki kambini.

Goreti, fundi wa redio hiyo, aliniambia kwa simu kwamba ugonjwa ni konekta, kile kichwa kinachounga kebo na antena. Niitafute nzuri Gitega.

Asubuhi, kabla ya safari, dukani kwa Mzee Hamadi, muuza vipuri. Aliweka mbili mezani: moja iling'aa kama kijiko cha harusi, nyingine imefifia hadi weusi. Akasogeza sumaku ya spika mbovu. Ile ya kung'aa ikairukia.

"Umeona? Iko chuma, itaota kutu. Hii ingine iko shaba, juu wamepaka fedha. Fedha inakuwaka nyeusi, lakini kazi inafanya. We unataka kuoa ao unataka redio iseme?"

Nikachukua nyeusi.

Barabara ya Karuzi. Vilimani, nyumba za waliorudi: mabati mapya juu ya matofali ambayo bado hayajakauka. Mawingu yalitufuata njia nzima.

Muyinga, mchana. Goreti alishuka mnarani na adapta tatu, vipande vya kuungia kebo, zimeungwa mkia kwa kichwa, zote zinameta. Alipozifungua, maji yakadondoka.

"Kila kiungo ni mlango wa maji," alisema. "Ya zamani ilikuwa moja tu, nyeusi, haikuwahi kutusumbua. Mkuu wa redio aliitupa wageni walipokuja kufungua studio, akaagiza hizi za kung'aa."

Nilimgeukia Mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa studio. Mkuu alirekebisha tai. "Bon, ndugu mwandishi, wageni wangeona uchafu kule juu?"

"Kwani walipanda mnara?" Goreti akauliza.

Mkuu akatazama simu yake. Goreti akapanda tena, akafunga konekta yangu kwenye kebo bila adapta hata moja, akaizungushia utepe wa mpira kutoka chini kwenda juu, kila mzunguko ukilalia wa chini yake kama vigae, maji yateleze.

Jioni, mvua ilipiga mabati ya Shangazi. Redio haikukohoa. "Zakariya, mwana wa Sesiliya. Jina hili tunalisoma kwa mara ya mwisho."

Shangazi alitoka bila viatu. Nilimfuata.

Kituoni, Zakariya alikuwa ameketi juu ya gunia lake. Hakuinuka. "Mama, wamenisoma jioni zote hizi. Nikasema basi, hamnitaki."

"Ilikuwa inanyesha, mwanangu," alisema Shangazi, akapiga magoti kwenye tope.

Nilirudi Gitega na zile adapta mfukoni. Nimejifunza kwamba kitu kinachobeba jina la mtu hakichaguliwi kwa macho. Mzee Hamadi alizipindua kiganjani.

"Na hizi, zilifanya kazi?"

"Siku ya wageni," nilimjibu.