Vichaka Vitatu vya Chepkoech

Nilifika Marekani mwaka 2022. Hapana, nimekosea, ilikuwa 2023, kwa sababu 2022 nilikuwa bado Bukoba nahangaika na pasipoti. Binti yangu Jacqueline alinipokea Woodbridge mwezi wa kwanza, na kwa kuwa sikuzoea kushinda ndani, nilitoka kutembea. Kule watu hawatembei, wanatembezwa na magari. Siku moja, barafu iko pembeni mwa barabara, nikasikia harufu tamu kama shamba la kahawa lililochanua. Nikageuka huku na huku, sikuona hata jani. Nikajiambia, Respicius, umezeeka, sasa nyumbani kunakunukia puani.

Jirani wa Jacqueline anaitwa Chepkoech, Mkenya wa Kericho. Kazi yake ni kuhudumia wagonjwa majumbani usiku, hivyo asubuhi wenzake wakitoka, yeye ndiyo anarudi. Mwingine angelala. Yeye majira ya baridi anaacha begi mlangoni, anatandika mfuko wa taka chini, anapiga magoti mbele ya vichaka vyake vitatu na kupiga picha za maua kwa simu. Nyuma ya maua anashika kitambaa cheusi ili rangi ijitokeze, na anabana pumzi, maana kwenye baridi ile pumzi ni moshi, na moshi unaharibu picha. Dada zake kule Kericho wanamwambia amenunua maua ya plastiki. "Mwaka ujao nitawatumia harufu," anawajibu.

Lakini hayo niliyajua baadaye. Mimi nilimfahamu kiangazi, vichaka vikiwa majani matupu.

Wiki ya Krismasi akapata barua ya kamati ya mtaa. Kamati hiyo inapanga mpaka rangi ya milango ya watu. Ilisema vichaka vitatu vilivyokufa mbele ya nyumba ving'olewe kabla Januari haijaisha, la sivyo itatuma watu wa kuving'oa. Mwenye neno aje kwenye kikao Jumanne ya pili ya mwezi. Jacqueline alinihadithia mezani, nami masikio yangu yakashika neno moja tu: vimekufa.

Baada ya mwaka mpya nikaona heri nimsaidie mama wa watu. Nimelima kahawa miaka arobaini. Mbuni ukizeeka unaukata ubaki kisiki, unachipuka upya. Nikachukua msumeno wa Jacqueline. Kichaka cha kwanza hakikuwa na jani, na matawi yake yalijaa vidoti vya mviringo kama pilipili manga. Nikasema, ahaa, wadudu magamba hawa. Nikakikata usawa wa goti, nikarundika matawi, nikawa natafuta kiberiti mfukoni gari la Chepkoech lilipoingia.

"Mzee, unafanya nini?"

"Nakusaidia, mama. Huu umekufa, tena una magamba. Kwetu matawi ya hivi tunachoma."

Aliokota tawi moja, akanionyesha vile vidoti. "Mzee Respicius, hiyo si kahawa. Hizo ni maua. Bado zimelala."

"Maua? Kwenye baridi hii?"

"Miaka saba nimeilea. Wewe umeimaliza na asubuhi moja. Weka hiyo kiberiti chini."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, na baridi yote ile. Nikamwuliza kamati ataiambia nini.

"Nitaiambia ukweli. Mbili bado ziko, na picha za miaka yote ziko. Hiyo kisiki itachipuka, si ni wewe mwenyewe ndiye mwalimu? Sasa usisimame hapo kama mgomba wa kwenu. Beba matawi."

Tukayatia kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu bafuni kwake, joto liyaamshe. Kazi ya kubadilisha maji kila asubuhi nilipewa mimi, na sikuichelewa hata siku moja. Vichaka viwili vya nje vilikuwa vimefumba kabisa. Siku ya sita nikafungua mlango wa bafu, nikakutana na harufu ile ya barabarani. Maua ya manjano yanayong'aa kama nta, kwenye vijiti vikavu. Nilikaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea. Nilikuwa nimekata kile nilichokuwa nakitafuta.

Jumanne tukaenda kikaoni, wanakamati watano mbele yetu. Mwenyekiti alizitazama picha kwenye simu, akasema picha zinaweza kuwa za popote. Chepkoech hakubishana. Alikunjua taulo bichi mezani, akapanga matawi, akakaa, akakunja mikono. Chumba kikanukia mpaka kwenye makoti yao. Mwenyekiti akainama, akanusa, akanusa tena, akaikata barua ile kwa kalamu. Vichaka vibaki, na kisiki kibaki.

Kisiki sasa kina machipukizi manne yanayonifika kifuani. Niliyachagua mwenyewe, mengine nikayapunguza. Hicho nacho Chepkoech amekipiga picha.

Lakini siku ile, kabla hatujasimama, niliinua mkono. Chepkoech akatafsiri neno kwa neno. Mmoja akapanga karatasi zake, mwingine akatafuta funguo kwenye mkoba, kikao kikafungwa. Niliwauliza hivi: nyumba zenu ziko mtaa huuhuu, na ua hili limenukia kando ya barabara miaka yote hiyo, je, hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kushusha kioo cha gari?