Karatasi Niliyobandika Mlangoni pa Mwende

Nikiri mapema ndio msinicheke mara mbili: mimi ndiye niliyeandika kwenye mlango wa dada yangu kwamba anapungua thamani, nikaibandika hiyo karatasi kwa gundi ya unga niliyoipika mwenyewe, wiki ileile wageni walikuwa wanakuja kumtolea ntheo. Ntheo ni zile mbuzi za kwanza ambazo watu wa mwanamume wanaleta kwa kina msichana, na kwetu Ukambani bila hizo mbuzi hata mkiishi pamoja mpaka meno yaishe, wazee watasema hakuna ndoa hapo, ni urafiki tu.

Sikuwa na ubaya. Niko kidato cha nne, mtihani ulikuwa unaanza Jumatatu, masomo nane, na kichwa changu kilikuwa kama gunia lililotoboka, ukiingiza Kemia, Historia inamwagika upande wa pili. Mwalimu wetu wa Biashara ndiye alituambia tuache kukariri kama kasuku. Chukua dhana kuu ya kila somo, akasema, iandike kwa maneno ambayo nyanya yako ataelewa, halafu tafuta mfano pale kwenu. (Alisema tafuta. Kubandika ni akili yangu mimi.)

Basi nikabandika boma lote. Kwenye tangi la maji niliandika Jiografia: "Mvua huangukia upande wa mlima unaokutana na upepo. Sisi tuko ule upande mwingine." Nyuma ya kiti cha Baba nikaweka Fizikia: "Kitu kilichotulia huendelea kutulia mpaka kisukumwe. Mfano: Baba siku ya kuchimba mtaro." Jikoni, Kemia: "Kichocheo huharakisha mambo bila chenyewe kubadilika. Mfano: fimbo ya Mama." Mlango wa choo ukapata Baiolojia: "Mfumo wa kumeng'enya chakula unaishia hapa. Asanteni kwa kusafiri nasi." Na kusema kweli vitu vilianza kuingia kichwani, nilikuwa nikienda choo narudi na alama mbili.

Alhamisi Mama alisimama mbele ya tangi akasoma mpaka mwisho, midomo ikicheza. Akaniita.

"Kyalo. Wageni wa Jumamosi wasikute hata moja."

"Ndiyo, Mwaitu," nikasema, maana mama yako ukimwita Mwaitu kwa sauti ya chini anakuamini.

Sasa fikiria, mtu ameonywa hivyo, halafu Ijumaa asubuhi, Mama akiwa sokoni Kasikeu kununua vitunguu, mimi nagundua kwamba Biashara sijaigusa, na somo lililokuwa linanisumbua ni uchakavu wa mali, na mlango pekee uliobaki mtupu ni ule wa Mwende unaotazama sebuleni. Nikaandika kwa herufi kubwa: "Mali hupungua thamani kadiri miaka inavyopita. Mfano: Mwende." Nikajiambia nitaitoa jioni.

Hapo lazima mjue jambo moja. Mwende ni fundi wa nguo kule Emali, ana miaka thelathini na moja, na wachumba wawili walishakuja kwetu wakanywa chai, wakasifu chai, wakapotea. Kanisani akina mama wamemuuliza Mama habari za Mwende mpaka siku hizi anakaa benchi ya mwisho ili awe wa kwanza kutoka. Hii ntheo haikuwa ya Mwende peke yake. Ilikuwa ya Mama kurudi benchi ya mbele.

Jioni gundi ilikuwa imekauka kama saruji. Nikakwangua kwa kijiko, nikasikia Mama anaingia, na bahati mbaya (wakati ule niliiita nzuri) alinipa pazia jipya la wageni nilitundike mlangoni hapohapo. Likafunika kila kitu. Mwende akafika giza likiingia, na mizigo yake, akalisukuma pazia na bega akaingia kulala. Zile nyingine nikasema nitazitoa Jumamosi, maana wageni wa kwetu wakisema asubuhi huja saa nane mchana.

Hawa walikuwa watu wa Mutomo. Asubuhi nikiwa na uji mdomoni pikapu ilikuwa getini.

Nilikimbia kama mtu ameona nyoka, tangi, jikoni, nikararua zilizokubali kuraruka. Choo sikukifikia, mzee mmoja wa kwao alikuwa ameshaingia, na alitoka akitabasamu peke yake. Halafu nikapewa kamba za mbuzi nizilete mpaka mlango wa sebule wazee wazione. Hapo ndipo Mzee Munyoki, msemaji wa wageni, aliinuka kutoka kiti cha Baba kumsalimia Susu, nyanya yetu, na nikaona nyuma ya kiti karatasi ya Fizikia bado inaning'inia.

Nikaachilia kamba ili niinyakue. Ni jambo la dakika moja, nilifikiri.

Beberu lilikuwa limesafiri bila kula tangu alfajiri, na gundi ya unga ina harufu yake. Lilipita katikati ya wazee, likachomeka kichwa kwenye pazia la wageni, likavuta, pazia na waya wake vikaanguka, na mbele ya watu wote likaanza kula mlango wa Mwende kutoka chini kwenda juu.

Mzee Munyoki akavaa miwani. Akasoma polepole, kwa sauti, kama mtu anayesoma Zaburi. Jina la Mwende lilikuwa limeshaliwa nusu lakini nusu iliyobaki ilitosha.

Nilisikia mbuzi akitafuna.

"Tumetoka Mutomo," akasema, "hatujafungua mdomo juu ya mahari, na wenyewe wameshatupunguzia."

Watu wake wakacheka. Baba hakucheka. Mama alikuwa mlango wa jikoni, ameshika leso kwa mikono miwili, na sikuthubutu kumtazama usoni.

"Hayo ni masomo ya mtoto," akasema Mjomba Musau, msemaji wetu.

"Basi mtoto atufundishe. Kijana, ni kitu gani hupungua thamani?"

"Gari, mzee. Cherehani. Viti."

"Na dada yako ni kipi hapo?"

Masomo nane yote yalinikimbia, nikabaki na ukurasa mmoja tu. "Hayuko hapo. Nilikosea mfano. Yeye... yeye ni kama shamba. Shamba halichakai, kila mwaka linapanda bei."

"Linapanda kwa nini?"

"Kwa sababu Mungu haongezi lingine."

Susu akakohoa kile kikohozi chake cha kuficha kicheko. Mjomba Musau akajiinua haraka. "Mmesikia wenyewe. Amepanda."

"Hii nyumba bei yake haitulii," Mzee Munyoki akasema, akakaa. "Aitwe mwenyewe."

Kwa desturi binti huulizwa kama anawajua wageni na kama mbuzi wapokelewe, na akikataa, pikapu hurudi na mbuzi wake. Mwende akatoka. Akauangalia mlango. Akasoma kilichobaki. Akaniangalia mimi, muda mrefu kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya, na nyuma yangu nilisikia Mama ameacha kupumua.

"Mimi si gari wala si shamba," akasema. "Lakini wageni nawajua. Mbuzi wapokelewe. Na huyo aliyekula jina langu awe wa kwanza kuchinjwa."

Wakacheka pande zote mbili, Baba naye.

Nyama ya beberu ilikuwa tamu, nasikia. Mimi nilikuwa nakwangua mlango kwa kisu. Niliapa, na bado naapa, kwamba mfano wangu wa somo lolote utakuwa ni ng'ombe wa jirani, tena asiye na jina. Wageni walipoondoka Mama alikuja akasimama nyuma yangu, nikainamisha shingo nikingoja kichocheo. Aliutazama mlango, akalikunja pazia lililochanika, akasema:

"Swali la uchakavu likija Jumatatu ukalikosa, usirudi kwangu."