Fidia Aliyoomba Mama Hortense

Papa Isidore, infirmier, yaani muuguzi, wa dispensari ya mtaa wetu hapa Likasi, alikuwa na vituko vyake. Kabla ya kumpiga mtoto sindano, alivua miwani akamshikisha: "Shika muzuri, ikianguka utanilipa!" Mtoto akahangaikia miwani, kumbe sindano imeshaingia. Wanangu mimi Philomène, muuza mikate ya kukaanga, wote waliishika. Na Papa Isidore alizaliwa hapa hapa. Ni baba yake aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba.

Sasa Glodie, binti wa Mama Hortense, alipigwa chanjo matakoni, mguu ukalegea. Hortense akashitaki. Papa Isidore akasema, "Labda ni sindano, labda ni ile homa alikuwa nayo. Sijue." Hortense alitaka malipo, hakutaka "sijue".

Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, mpaka ukafika mwaka wa kufukuza Wakasai, hata waliozaliwa hapa, eti warudi kwao. Mungu wangu, aibu gani ile! Watu tuliokua nao wakalala stesheni wakingojea treni, Papa Isidore na mkewe Clotilde wakiwamo. Na kesi ikaangukia siku ile ile iliyotangazwa treni yao.

"Aje wapi!" tulicheka mlangoni mwa tribinali, nilipokuwa nakaanga mikate. Vijana wenye fimbo walijaa barabarani wakiwasaka Wakasai. Asipokuja, Hortense angepewa nyumba ya Papa Isidore bila jasho.

Akaja. Kwa miguu, koti limechanika begani, miwani machoni. Yoo! Mikate ikaniungulia.

Zuzi mwenyewe, hakimu wetu, pamoja na ukubwa wake wa kuhukumu, aliinuka kitini. "Papa, na treni?"

"Huyu mama ndiye aliniita wa kwanza, kabla ya treni. Sindano ni miye nilipiga. Kama ni yenyewe iliharibu muguu, ni huu mukono."

Zuzi akamwuliza Hortense anataka fidia gani. Sote tulijua: nyumba ya matofali. Lakini Hortense akafungua kitambaa mgongoni, akamshusha Gauthier, kichanga ambaye kwa woga hakuwahi kumpeleka chanjo hata moja. Na kifaduro kilikuwa kinazika watoto mtaani.

"Sitake nyumba. Amupige huyu sindano. Yeye mwenyewe, na ule mukono."

"Mama, ile haiko malipo," zuzi akasema.

"Kwangu iko."

Tukavuka barabara wote mpaka dispensari, zuzi pia, na vijana wakatupisha. Ufunguo wa dispensari Papa Isidore bado alikuwa nao, na frigo la petroli, jokofu la chanjo, lilikuwa bado linawaka.

Akavuta dawa kwenye sindano. Hortense akaushika ule mkono kiwikoni. Alipovua miwani akitafuta pa kuiweka, Glodie akaja akiburuta mguu, akanyoosha viganja vyote viwili. "Nitashika muzuri."

Kichanga kikalia, mama yake akalia zaidi. Mimi, mwanamke wa kelele mtaa mzima, nikapiga magoti pale sakafuni.

Hortense akaweka kidole kwenye karatasi ya zuzi, kesi ikaisha. Kisha akamsindikiza Papa Isidore mpaka stesheni, mtoto mgongoni, ili mzee asiguswe na mtu. Hakuna aliyethubutu.

Treni ilikuwa inapiga filimbi. Papa Isidore akatoa kichwa dirishani. "Mama, mwezi unakuya, sindano ya pili. Usisahau!"

Hortense akamkimbilia. "Na ni nani atamupiga?"

Treni ikaondoka.